Punje Kumi Mfukoni mwa Aproni

Mimi sisahau. Waulize waliofanya kazi nami. Namkumbuka mkurugenzi aliyetufutia chai ya saa nne, na rangi ya tai aliyovaa siku anatangaza. Namkumbuka daktari kijana aliyeniita "wewe wa chupa" mbele ya wanafunzi, na kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka, nami sikumwambia makusudi, nikingoja ajikwae. Glavu zilizotoboka, likizo zilizoliwa, mfagiaji aliyechomwa na sindano chafu akaambiwa ajaze fomu kwanza: yote yamo humu kichwani na tarehe zake. Wenzangu waliniita Kifungu, maana sikuwahi kuingia kikaoni bila kutaja kifungu cha kanuni kilichovunjwa. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi wa ngazi ya chini katika hospitali ile, na kila bosi aliyepita aliniachia kitu cha kukumbuka.

Kwa hiyo nisije nikasema hapa kwamba hili nilisahau.

Kazi yangu ilikuwa maabara ya kromosomu, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, dirisha moja linaangalia paa la jengo la kufulia. Watoto waliozaliwa na maumbile ambayo wakunga hawakuyaelewa, wanawake ambao mimba zao ziliharibika moja baada ya nyingine, wagonjwa wa saratani ya damu, wote damu zao ziliishia kwetu ili tuhesabu kromosomu. Sasa, kromosomu huzioni hivi hivi. Unaziona pale tu seli inapojigawa, na zile chembe nyeupe za damu tunazoziita limfosaiti, ukishazitoa mwilini, hazijigawi. Zinakaa kama watu walioitwa kikaoni na hakuna aliyekuja na ajenda. Lazima uzichokoze.

Na kinachozichokoza ni maharage. Maharage mekundu, haya haya ya sufuriani. Ndani yake mna kitu kiitwacho lektini, nacho kikiigusa limfosaiti kinaiamsha: inavimba, inajigawa mbili, mbili zinakuwa nne. Unaziacha kwenye kabati la joto siku tatu, unazisimamisha katikati ya kujigawa, unadondosha tone kwenye kioo, na chini ya hadubini kromosomu zimetawanyika kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Bosi mmoja aliwahi kuandika kwenye faili langu kwamba mimi ni mchochezi. Sikukasirika. Nilisema na maharage ni mchochezi, na bila uchochezi wake msingeona kitu.

Chuo sikwenda. Niliingia pale na ufagio, nikasoma vitabu walivyovitupa, vingine vimeliwa na mchwa hadi katikati. Ndiyo maana ule unga wa lektini tuliokuwa tukiagiza nje ulipokatika, na idara ya ununuzi ikalala nao mwaka mzima, niliinuka mimi. Nililoweka maharage, nikayasaga, nikayachanganya na maji ya chumvi, nikayazungusha kwenye mashine mpaka mashapo yakatulia chini, kisha yale maji ya juu nikayapitisha kwenye kichujio chenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hapenyi. Tuliyaita mchuzi. Daktari, yaani mkuu wa maabara yetu, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alivikagua vioo vya kwanza vya mchuzi wangu muda mrefu, halafu akasema ni bora kuliko ule wa kununua. Sikuzoea kusifiwa na mkubwa, sikujua uso niuweke wapi. Watu wa idara nyingine walipopita na kuona ndoo ya maharage yaliyolowekwa walituambia, mkishaunga mtuite.

Chupa zetu aliziosha shemeji yangu. Kaka yangu mkubwa alipofariki alimwachia mjane wake mabinti wawili na mimi. Nilimhamishia vyumba viwili vya uani kwangu, nikamtafutia kazi ile, na hospitali nzima ikamwita Mama Chupa. Mtu asiyeijua kazi anaweza kudhani kuosha chupa ni kuosha chupa. Hapana. Sabuni kidogo tu, isiyoonekana kwa macho, inabaki kwenye kioo na kuua seli zote. Kila chupa husuuzwa mara kumi: saba kwa maji ya bomba, tatu kwa maji ya mashine yasiyo na chumvi hata chembe. Waoshaji wengi watakuapia kwamba wanafikisha kumi. Nimeosha chupa mimi mwenyewe miaka mitatu, najua. Ikifika ya tano akili iko nyumbani.

Shemeji alisumbuliwa na kitu kingine. Kila alipofika ya nne au ya sita, mtu alichungulia mlangoni, Mama Chupa lete hiki, Mama Chupa peleka kile, akirudi hajui alipoishia, na kwa kuwa ni mtu wa haki alianza tena moja. Asubuhi moja alikuja mezani kwangu akaniomba punje kumi kutoka kwenye gunia la mchuzi. Nilimhesabia mwenyewe, moja moja, kwenye kiganja chake chenye maji. Alizitia mfuko wa kulia wa aproni. Kila akisuuza mara moja, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Aitwe, asiitwe, mifuko inajua. Nilimtania kwamba sasa amekuwa mashine.

"Mashine huharibika, shemeji," alisema. "Mimi nina maharage."

Chumba cha kuoshea kiko nyuma, hana wa kumwona. Habari ya zile punje tuliijua watu wawili.

Halafu ikaja fomu. Utawala mpya ulileta fomu ya kuombea vifaa, yenye sahihi tatu za wakubwa, na chini kabisa mstari mmoja kwamba muombaji atawajibika yeye binafsi kifaa kikipotea au kikiharibika. Nilisimama kwenye kikao cha wafanyakazi nikaisoma ile fomu kwa sauti, nikasema hakuna mtu wa ngazi ya chini atakayeitia sahihi, awe nani. Nilitaja kifungu. Walipiga makofi mpaka mlinzi akaja kuangalia. Mgomo wa fomu ulidumu wiki sita, na bado nasema ile fomu ilikuwa ya kishenzi.

Vichujio vyangu viliisha wiki ya tatu.

Ningeweza kumwambia Daktari. Neno moja tu. Lakini kuomba vichujio kulikuwa kutia sahihi, na kutia sahihi kulikuwa kujitemea mate usoni mbele ya watu niliowapandisha mori. Nikaliangalia lile jungu la mvuke tunalochemshia chupa na maji ya chumvi, likiwa limefungwa, likinguruma kwenye kona yake, nikajiambia: kilichochemka ni safi. Kitabu nilichojifunzia mchuzi kurasa zake za mwisho zilikwenda na mchwa. Pengine hapo ndipo palipoandikwa. Sikuuliza. Niliitia chupa ya mchuzi ndani ya jungu pamoja na chupa nyingine.

Nilipolifungua, shemeji alikuwa amesimama pembeni akingoja chupa zake. Aliuona mchuzi umegeuka mweupe kama maji ya unga, akacheka.

"Shemeji, leo umeyapika?"

Nilimwambia aangalie chupa zake. Ilikuwa Jumanne, saa tano kasoro, na alikuwa na kidonda kidogo kidole gumba. Nimesema sisahau.

Kwa wiki mbili hakuna seli hata moja iliyojigawa. Damu za wagonjwa kumi na mmoja. Kila kioo nilichokiweka chini ya hadubini, limfosaiti zimelala, za duara, kimya, kama hakuna aliyeziambia kitu. Kumbe kweli hakuna aliyeziambia kitu. Katika hao kumi na mmoja alikuwemo mtoto wa wiki tatu, ambaye muuguzi alihangaika hadi akapata mshipa kichwani. Tukamwita mara ya pili. Mama yake alinikuta kwenye ukumbi mwembamba nje ya maabara, mtoto begani, akaniuliza kwa adabu kama damu ya mwanawe ilipotea. Nilimwambia ni mashine.

Daktari aliitisha kikao ofisini kwa afisa utumishi. Huyo alikuwa mtu wa mafaili, mwenye kalamu tatu mfukoni na meno yanayotangulia kucheka kabla yake. Tulikuwa watu watatu na meza. Daktari aliniuliza mchuzi niliutengenezaje.

"Kama siku zote," nikasema.

Sikuwa nimejua bado kwamba jungu ndilo lililouharibu. Hilo ni kweli, na mtu akitaka kunitetea anaweza kuanzia hapo, lakini hafiki mbali. Nilijua haikuwa kama siku zote. Afisa akauliza, basi tatizo litakuwa wapi, nami nikajibu anavyojibu kila mtu wa fani yetu seli zikimfia: angalieni uoshaji. Sabuni. Jina sikulitaja. Sikuwa na haja. Muoshaji alikuwa mmoja.

Aliitwa. Alikuja na aproni iliyolowa, akabaki amesimama kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae, na mimi mwenye vifungu sikumvutia kiti. Aliulizwa anasuuza mara ngapi, akasema kumi. Afisa akauliza ana hakika gani kwamba ni kumi. Shemeji alitia mkono mfukoni, akatoa zile punje, akazipanga mezani.

Afisa alizitazama. "Haya si maharage ya maabara?"

"Ni ya maabara. Nahesabia."

"Mtu mzima unahesabu kumi kwa maharage?" Meno yake yalitangulia kucheka. "Nani alikuruhusu kuyachukua?"

Shemeji aligeuka akaniangalia. Hakuwa na wasiwasi, na hilo ndilo linalonirudia. Aliniangalia kama mtu aliyefika kituoni mapema na anajua gari lake linakuja.

"Muulizeni shemeji," alisema.

Nitaeleza kilichopita kichwani mwangu, maana kilipita kwa mpangilio, kama hoja zangu zote. Nikisema ni mimi niliyempa, nitaulizwa za nini. Nikisema ni za kuhesabia, basi mwanamke huyu anafikisha kumi kila chupa, kila siku. Akifikisha kumi hakuna sabuni. Pasipokuwa na sabuni unabaki mchuzi. Ukibaki mchuzi, "kama siku zote" inaanguka, nyuma yake vichujio, nyuma ya vichujio fomu, nyuma ya fomu mimi, Kifungu, niliyepigiwa makofi. Nimewasikia wakubwa wakihesabu hivyo hivyo miaka yote, nikiwadharau.

Afisa alinigeukia. "Wewe una habari na maharage haya?"

"Siwezi kusema," nikasema.

Shemeji aliendelea kuniangalia kidogo. Kisha akaanza kufungua kamba za aproni, akiwa bado hajaambiwa lolote.

Afisa alizikusanya punje, akazitia kwenye bahasha, akaandika USHAHIDI, akaibana kwenye faili kwa pini. Barua ya kumwachisha kazi ilitoka Ijumaa: uzembe katika uoshaji, na kuchukua mali ya maabara bila ruhusa.

Wenzangu walinifuata. Fundi wa umeme, mtu wa mzaha ambaye hakuwahi kukosa kikao changu, alisema, Kifungu, vipi Mama Chupa, tuwashe moto? Nilimjibu kwamba yule ni mtu wa familia yangu, haifai nimsimamie nikaonekana napendelea ndugu. Walikubali. Mmoja alinishika bega akasema viongozi wote wangekuwa na msimamo kama wangu nchi ingekuwa mbali. Nilisifiwa, jamani. Nilimtupa mke wa kaka yangu, nikasifiwa uadilifu.

Nyumbani shemeji hakunitaja. Alimwambia mke wangu kwamba mkataba umeisha. Mabinti zake aliwaambia hivyo hivyo. Alianza kufua nguo za watu pale bombani uani, na kila asubuhi nikipita kwenda kazini aliinua kichwa, shemeji umeamkaje, nami nikasema salama. Kuna watu wamenitukana kwa majina ya wanyama nikalala vizuri. Hilo "umeamkaje" lilinitoa jasho. Nikaanza kupitia mlango wa mbele, mlango wa wageni, nikidanganya kwamba ni karibu zaidi na njia.

Jumamosi moja mchana mke wangu alikuwa jikoni, na binti mdogo wa shemeji alidokoa punje moja kwenye sufuria. Mke wangu alimpiga kofi dogo la mkono. Acha, alimwambia, hayajaiva, yatakusokota tumbo. Ukali wa maharage unauawa na moto.

Nilikuwa nimesimama na kikombe. Nilikiweka chini.

Ukali wa maharage unauawa na moto. Kila mtu aliyewahi kuwasha jiko anajua. Ule ukali unaosokota tumbo ndio lektini, ndiyo kazi yangu, ndiyo jina langu mbele ya Daktari, nami niliuchemsha ndani ya jungu la chuma mpaka ukafa, halafu nikautia kwenye damu za watu kumi na mmoja. Mimi niliyesoma kila kitabu kilichotupwa. Na mtu mmoja alisimama pale akanicheka usoni, akaniuliza kama leo nimeyapika, nami nikamwambia aangalie chupa zake.

Jumatatu nilifika kazini kabla ya wengine. Nilichukua kigae cheupe, nikadondosha upande wa kushoto tone la mchuzi mbichi, wa kulia tone la ule wa jungu. Nilijichoma kidole, nikatia damu yangu pande zote mbili, nikatikisa. Lektini hushikanisha hata chembe nyekundu. Mchuzi ukiwa mzima damu inajikusanya vipunje vipunje. Kushoto ilifanya hivyo kabla sijahesabu ishirini. Kulia ilibaki laini, nyekundu, haina habari. Dakika mbili. Ningeweza kulifanya jaribio hilo siku yoyote katika zile wiki mbili. Ningeweza kulifanya mbele ya afisa, juu ya ile ile meza.

Nilichofanya ni hiki. Nilimbembeleza mtu wa maabara ya jengo la pili akanipa vichujio kwa siri. Nilitengeneza mchuzi mbichi, ule wa jungu nikaumwaga kwenye sinki na kufungua bomba kwa nguvu. Wiki iliyofuata kromosomu zilirudi, nyingi, nzuri, zimetandazwa kama mkeka. Nilikuwa sijafikiria kwamba kijana mpya wa kuosha chupa, ambaye kazi ilisimama ikimngoja, alianza Jumatatu ile ile. Daktari aliinua macho kutoka kwenye hadubini akasema, kumbe kweli ilikuwa uoshaji. Afisa alinipa mkono mbele ya ngazi. Kwa kutengeneza nilichokiharibu niliupiga muhuri uongo, na kama hapo awali kulikuwa na mtu mwenye shaka juu ya Mama Chupa, sasa hakubaki.

Nilinyamaza miezi minne. Katika miezi hiyo nilihutubia vikao vitano. Sikumbuki nilisema nini hata kimoja, na hiyo kwangu ni ajabu.

Kisha zahanati moja ya binafsi ikafungua maabara ndogo, ikatafuta mtu wa kuosha vyombo vya kioo. Walimpenda shemeji, wakamwambia alete barua kutoka alikotoka. Alinisubiri asubuhi. Safari hii alikuwa amejua nitapita mlango wa mbele, akaja akasimama hapo hapo na shati la mtu mkononi, bado linachuruzika.

"Shemeji, naomba uniulizie barua. Iseme tu kwamba kuosha najua."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwambia yote ya jungu, ya vichujio, ya fomu, ya kigae. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika. Yeye aliendelea kulikamua lile shati, mkono huu huku, mkono huu kule.

"Hilo nalijua," alisema nilipomaliza. "Si niliiona chupa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilikuuliza kama umeyapika. Na siku ile niliwaambia wakuulize." Alilikunjua shati akalipiga hewani mara moja, maji yakanirukia. "Usiniambie mimi, shemeji. Mimi nilikuwepo."

Jumatano niliomba kikao. Meza ile ile. Nilikuja na kigae, mchuzi mbichi na mchuzi uliochemshwa, nikajichoma kidole mbele yao. Nilieleza vizuri, na hilo nalionea aibu pia. Nilieleza kwamba lektini ni protini, kwamba moto wa jungu huipindua umbo ikawa haishiki tena kitu, kwamba nilikosa vichujio na kwa nini nilivikosa. Afisa alifunua mdomo kama mwanafunzi. Nilipokuwa nikitikisa kigae nilijisikia naanza kufurahi, kama kila ninapofundisha, nikataka kujizaba kofi.

Daktari hakuangalia kigae. "Watu kumi na mmoja," alisema. "Yule mtoto tulimchoma kichwani mara mbili." Alinivua kazi ya mchuzi papo hapo, nikapewa onyo la maandishi, na afisa akaandika barua ya Mama Chupa. Nilitoka nayo mfuko wa ndani wa koti, nikihisi mwepesi, nikajiambia maskini wee, ndiyo hii tu uliyokuwa ukiiogopa miezi minne?

Shemeji aliisoma amesimama, polepole, midomo ikicheza. Barua ilisema uchunguzi mpya umeonyesha kwamba tuhuma ya sabuni haikuwa na msingi. Aliigeuza nyuma. Nyuma palikuwa patupu. Akairudia mbele.

"Na maharage?"

Nikafunga kifungo cha koti.

"Hapa mimi ni mwosha chupa hodari," alisema, "aliyeiba maharage."

Aliikunja kwenye mikunjo yake ile ile, akanirudishia. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Mabinti walikuwa ndani, mlango wazi. Nami nilijua tangu nilipokuwa natikisa kigae, nilijua na nikapita mbali. Kosa la jungu lilikuwa la kutojua, na la kutojua mtu husimama akalisema, hata akajipatia sifa ya ukweli. Lile lingine, la punje, nililiacha kwenye faili, limebanwa na pini.

Asubuhi ya Alhamisi habari zilikuwa zimeenea. Fundi wa umeme alikuwa juu ya ngazi yake akibadilisha taa, akanichungulia nilipopita chini.

"Kifungu," aliniita, "leo ni kifungu cha ngapi?"

Wenzake walicheka. Nikaendelea hadi ofisi ya afisa.

Afisa hakufurahi kuniona. Alisema mambo yalikwisha, barua ilitoka, nataka nini tena. Nilimwomba amwite Daktari, na alete faili. Daktari alikuja akabaki mlangoni, mikono mifukoni mwa koti. Nilimwomba afisa afungue ile bahasha. Aliigonga mezani, punje zikatoka na unga kidogo. Mbili zilikuwa zimetobolewa na wadudu. Nilizihesabu zikafika kumi.

Nilizipanga zote upande wangu wa kulia. Nikahamisha moja kushoto. Nikasema, hapa amesuuza mara moja. Nikahamisha ya pili, ya tatu. Afisa akaniuliza huu ni mchezo gani. Nikaendelea. Nilipofika ya tano simu yake ikalia, akaipokea, akaongea na mtu kuhusu ukaguzi wa majengo, akacheka, akaahidi jambo, akaikata. Mkono wangu ulikuwa pale pale.

"Sita," nikasema, na nikahamisha ya sita.

Daktari alitoka mlangoni akaja mezani. Alizitazama tano za kushoto na moja niliyokuwa bado nimeishika, na nne zilizobaki kulia, na nilimwona ameelewa, maana alifumba macho.

Afisa alichelewa kidogo. Aliangalia punje, akaangalia faili, akalifunua hadi ukurasa wa kikao cha kwanza, akatembeza kalamu mpaka akaupata mstari.

"Haya nani alimpa?"

"Mimi. Nilimhesabia mkononi."

"Na siku ile ulijua ni ya kuhesabia?"

"Nilijua."

"Mimi nilikuuliza." Alikuwa hacheki, mara ya kwanza nimeyaona meno yake yamefunikwa. "Imeandikwa hapa. Nilikuuliza kama una habari nayo."

"Uliniuliza."

"Ukasema huwezi kusema."

"Niliweza," nikasema.